Darasa la Uholanzi Lilivyosomwa Kimanga

Nilirudi kwetu Uvira na shahada ya uzamili ya chuo kikuu cha Uholanzi ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, kisha akaniuliza asilimia iko wapi.

Hapakuwa na asilimia. Palikuwa na jina langu, jina la kozi, sahihi za watu wawili ambao mmoja wao sikuwahi kumwona, na muhuri usio na wino, uliokandamizwa tu kwenye karatasi hadi uupapase ndipo uujue. Mama aliupapasa. Kwetu muhuri ni wa buluu, mpana kama kifuniko cha kikombe, na usipochafua sahihi karani huurudia. Alinirudishia cheti changu kwa upole ulioniuma kuliko matusi.

"Na banakusoma siku gani?" akauliza.

"Kule habasomake majina, mama. Banatumaka message ku telefone."

"Kila mutu yake?"

"Kila mutu yake."

"Kumbe iko siri," mama akasema, akaenda kuangalia sombe, majani yake ya muhogo, jikoni.

Nisimlaumu. Kwetu shule haiishi kwa karatasi, inaisha kwa proklamasio. Mnakusanyika uwanjani, familia zote, jua kali. Sekretere wa juri ya mitihani anasimama na orodha, anaanza na wa kwanza, anashuka taratibu: jina, asilimia, distinksio; jina, asilimia, satisfaksio. Aliyesomwa anarukiwa na shangazi zake na kumwagiwa poda nyeupe mpaka anafanana na mtu aliyetumbukia kwenye gunia la unga, na hivyo hivyo anatembea mjini hadi kwao, hajifuti. Asiyesomwa anapita geti la pembeni. Basi. Aliyesomwa amesoma. Ambaye hakusomwa, hata akija na vyeti vya kujaza kikapu, watu watamsikiliza kwa heshima na kumwonea huruma.

Huko nilikotoka walikuwa hawalijui jambo hili hata kidogo. Chuo chenyewe kilikuwa cha kimataifa kwelikweli: katika darasa letu tulikuwa watu thelathini na mmoja kutoka nchi kumi na tisa, na Mholanzi alikuwa mmoja tu, naye alikuwa anasoma ili apate kazi nje ya Uholanzi. Kitabu cha kozi kilikuwa kinene kama misale ya padri. Kulikuwa na Utawala wa Ardhi Endelevu, Kilimo Endelevu, Miji Endelevu, Usimamizi wa Maji Endelevu. Nadhani ungeomba ushonaji wangekupa Ushonaji Endelevu. Mimi nilichagua maji. Mama alipopata habari hiyo kwa simu alitazama ziwa, najua alilitazama kwa sababu toka uani kwetu huwezi kutazama kitu kingine, akasema: "Maji? Na haya yote iko hapa?" Lakini bomba la mtaani kwetu Kimanga hukohoa mara mbili kwa juma tu, na ziwa lenyewe miaka hii limepanda likala viwanja vya chini. Kwa hiyo tuna maji mengi yasiyoingia kwenye bomba na yanayoingia sebuleni. Wenzetu wa Uholanzi wamejenga chini ya usawa wa bahari na soksi zao kavu. Nilikwenda kuuliza wanafanyaje.

Matokeo ya kwanza yalipotoka, nilikwenda kwa katibu wa kozi nikamwuliza mimi ni wa ngapi. Aliniuliza kama nalala vizuri. Akanipeleka kwa mshauri wa wanafunzi, mama mmoja mwenye sauti ya kubembeleza, aliyenipa chai isiyo na sukari na kunieleza kwamba sina haja ya kujilinganisha na mtu yeyote, kwamba ninatosha. Nilitaka kujua kama ni wa nne au wa kumi na nne. Nikaambiwa ninatosha.

Tasnifu yangu niliitetea Jumanne mbele ya walimu wawili, mmoja akila tufaha. Ilichukua muda wa kupika wali. Walinipa mkono, wakasema hongera, wakanitoa haraka kwa sababu kundi jingine lilikuwa limekodi chumba. Niliyeishi naye nyumba moja, dada mmoja wa Nepal wa darasa letu, alikuwa ananisubiri kwenye korido na kijikaratasi cha unga mwekundu kutoka kwao. Akanipaka kwenye paji la uso, akaninyunyizia na mchele kichwani. Nikamwuliza kwao hufanya hivyo mtu akisomwa? Akasema hufanya hivyo mtu akifanikiwa au akisafiri, na mimi nilikuwa nafanya yote mawili. Nililia pale kwenye korido bila aibu. Mwalimu wa tufaha alipita, akafikiri sikuelewa kwamba nimepita, akanipigapiga begani.

Sasa nilikuwa Kimanga, nimetosha, na hakuna aliyeamini. Jirani yetu, mama mwenye duka la vitenge, ambaye mtoto wake alimaliza chuo hapa hapa mjini, alikuja kunisalimu siku ya pili. Alikiangalia cheti ndani ya plastiki yake.

"Wangu balimusoma ku kiwanja, bantu bote banasikia," akamwambia mama. "Wako banamusomea mu plastiki?"

Kabla juma halijaisha, mtaa ulishaelewa: nilikuwa naosha wazee Ulaya, wamenichoka, wamenirudisha na karatasi ya kunifariji. Mimi maneno ya mtaa hayanipigi, nina mdomo wangu. Kilichonipiga ni Jumapili, nilipomwona mama anapita benchi lake la mbele kanisani, ambalo amelikalia tangu niko mdogo, anakwenda kukaa nyuma karibu na mlango. Hapo ndipo nilipojua kwamba hata yeye haamini. Alikuwa ananificha, kama watu wanavyomficha mtoto aliyepita geti la pembeni.

Mama ana sababu yake, na sababu hiyo naijua tangu utoto kwa sababu aliisimulia kila mwaka wakati wa mtihani wa taifa. Alimaliza sekondari, fani ya ualimu, shule ya masista. Wakati ule majina yalisomwa redioni. Walikaa wote uani kwa babu, redio juu ya kigoda, na mama alikuwa tayari amejinunulia kopo la poda, la bati, lenye picha ya maua. Mtangazaji akasoma shule moja, akasoma nyingine, akafika kwenye shule ya masista, na betri zikaisha. Walizitoa, wakaziuma, wakaziweka juani. Redio ilipopata pumzi tena ilikuwa inapiga rumba. Babu akasema: kama ulisomwa, watu watakuja kutupongeza. Wakasubiri siku tatu, hakuna aliyekuja, kwa sababu majirani nao walikuwa wanategemea redio ya babu. Baada ya miezi michache mama aliolewa. Kopo aliliweka kwenye sanduku lake la bati, na limekaa humo mpaka leo. Nilipopata diploma ya taifa, ile ya kumaliza sekondari, alinimwagia poda ya sokoni. Nilipomaliza chuo, poda ya sokoni. Niliposafiri akasema lile kopo litanisubiri, hiyo ndiyo shule ya kulifungulia.

Kwa nini hakwenda kuuliza shuleni? Nimemwuliza mara nyingi. Hujibu kwamba aliyesomwa hahitaji kuuliza.

Nikampigia simu mjomba. Mjomba ni mdogo wake mama, prefe mstaafu, yaani aliyekuwa mkuu wa shule ya sekondari huko Sange, mtu wa tai hata akienda kununua ndizi. Nilimweleza yote nikitumaini atakuja kumwambia dada yake kwamba cheti ni cha kweli. Alisikiliza hadi mwisho.

"Yaya iko na haki," akasema, yaani dada yake, mama yangu. "Hukusomwa."

"Mujomba, nawe!"

"Tutakusoma. Minye nimesomaka promosio makumi na makumi, madarasa mazima. Niletee liste."

Nikamwambia hiyo orodha ni mimi peke yangu. Akanikasirikia. Proklamasio ya mtu mmoja haipo duniani, akasema, hiyo ni tangazo la msiba. Anataka darasa zima, majina na asilimia, toka wa kwanza hadi wa mwisho, vinginevyo abaki Sange avune mpunga wake.

Hivyo nikaandika kwenye kundi letu la simu, nikiwa na haya usoni. Niliwaeleza darasa la Uholanzi, waliokwishatawanyika duniani, kwamba mjomba wangu anataka kuwatangaza uani kwa mama yangu kando ya Tanganyika na anaomba alama zao. Nilidhani watacheka. Ndani ya saa mbili alama zilianza kumiminika. Mwindonesia alituma na picha yake amevaa kofia ya mahafali. Mfilipino, ambaye ni bibi mwenye wajukuu wanne, aliomba jina lake lisomwe taratibu. Mghana alijiongezea nusu alama. Najua kwa sababu mradi mmoja tuliufanya pamoja, na alama yake ilikuwa yangu pia. Mholanzi peke yake ndiye aliyekataa, kwa adabu, akieleza kwamba alama ni mambo yake binafsi na sheria inamlinda.

Mjomba alipofika Jumamosi na mkoba wake wa ngozi na nusu gunia la mchele, aliipitia orodha kwa kalamu nyekundu.

"Hawa bote banafika sitini? Darasa zima hakuna mwenye kuanguka? Hii iko shule ao iko harusi?"

Kisha akafika kwa Mholanzi.

"Huyu?"

"Amekatala kutoa alama yake."

Mjomba akaandika pembeni, kwa mwandiko wake wa prefe: dosye haikukamilika, kama ofisi zinavyoandika kwenye faili lililokosa karatasi. Mimi niliyezungushwa miezi mitano kwa ajili ya viza, niliyeambiwa mara mbili kwamba cheti changu cha kuzaliwa kina mkunjo mbaya, sikupinga hata neno moja.

Jumapili baada ya misa watu walijaa uani. Viti vya plastiki vilitoka parokiani. Walikuja kwa ajili ya wali, tusidanganyane, na kwa ajili ya kuona uongo wangu utaishia wapi. Jirani wa vitenge alichukua kiti cha mbele kabisa. Mama alikaa pembeni, karibu na jiko, na kopo lake magotini. Hakulificha lakini hakulionyesha.

Mjomba akasimama juu ya ngazi, akakaza tai, akasoma jina la chuo, jina la kozi, akatamka neno "endelevu" kana kwamba ni cheo. Kisha akaanza.

"Wa kwanza, asilimia makumi nane na sita, grande distinksio!" Na jina la yule Mwindonesia, ambalo alilifanyia mazoezi usiku kucha na bado likamtoa jasho.

Kimya. Nani apige kelele? Mama yake yuko kisiwani kwao, hajui kama kuna mahali panaitwa Kimanga. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo, na kwa muda mfupi niliona shughuli nzima inazama. Nilitamani ardhi inimeze na orodha yangu. Ndipo jirani wa vitenge, yeye yuleyule, aliposimama.

"Mutoto wa muntu hasomwake mu kimya!" akasema, na kupiga kigelegele kikali kilichoamsha mbwa wa mtaa wa pili. Akatoa kichupa cha poda kutoka kwenye pochi, maana hakuna mwanamke wa kwetu anayekwenda kwenye proklamasio mikono mitupu hata kama haiamini, akairusha hewani.

Baada ya hapo hawakuzuilika. Kila jina lilipata mama. Mwenye genge la dagaa alimchukua dada wa Nepal, akauliza kama ameolewa. Bibi wa Kifilipino alisomwa taratibu kama alivyoomba, na wazee wa kwaya wakamsimamia wote. Mghana alishangiliwa pamoja na nusu yake. Mimi nilikuwa wa tisa, sabini na tatu, distinksio. Kwa mara ya kwanza tangu niende Ulaya nilijua mimi ni wa ngapi. Walinirukia, nikawa mweupe mpaka masikioni, na katikati ya vumbi lile nilimtafuta mama.

Mama alikuwa amesimama, analia, na anapigana na kopo. Kifuniko kilikuwa kimeshika kutu. Alikivuta, akakigonga kwenye nguzo, akaomba kijiko. Mjomba hakumsubiri, sekretere wa juri hasubiri mtu. Aliendelea kushuka, sitini na nane, sitini na tano, hadi wa thelathini, sitini kamili. Akamtangaza Mholanzi kuwa dosye yake haikukamilika, na watu wakasikitika kwa dhati, wengine wakisema labda hakuwa na wa kumsaidia huko maofisini.

Nilidhani amemaliza. Lakini mjomba alitoa kwenye mkoba karatasi nyingine, ya zamani, imekunjwa mara nne, akasoma jina la shule ya masista. Kisha akasoma majina matatu ambayo sikuwahi kuyasikia yakifuatana hivyo. Mama yangu huitwa kwa jina langu tangu nizaliwe, mama wa fulani, kwa hiyo ilinichukua muda kujua kwamba ni yake.

"Asilimia makumi tano na tatu," mjomba akasema, na sauti yake ya prefe ikakatika. "Amepita."

Kifuniko kilikuwa kimetoka wakati huohuo. Mama alisimama na kopo wazi mkono mmoja na kijiko mkono mwingine, akimtazama mdogo wake. Hakuna aliyeshangilia, kwa sababu hakuna aliyeelewa, isipokuwa sisi watatu. Nikamwendea, nikalichukua kopo, nikammwagia. Poda ilikuwa imeshikana kwa miaka mingi, haikumwagika, ilidondoka madonge. Moja lilimpiga kwenye pua. Hapo watu wakacheka, na walipocheka wakamshangilia mama, wa mwisho katika darasa la thelathini na mmoja, kwenye nafasi ya Mholanzi.

Wageni walipokwisha kula na kutawanyika, na jirani wa vitenge bado anasikika barabarani akieleza kwamba wake ndiye aliyekuwa wa kwanza, mama alimwuliza mjomba swali moja.

"Ulijua tangu lini?"

Mjomba alivua tai. Alisema alikuwa bado mwanafunzi. Mwezi mmoja baada ya ile redio alitumwa mjini, akaiona orodha imebandikwa ukutani, akaikopi kwa mkono, akakimbia nayo nyumbani. Babu akaisoma, akaikunja, akamrudishia.

"Akasema nikae kimya, yaya. Ng'ombe zilikuwa zimeshashuka kutoka Rurambo."

Ng'ombe wale wa milimani walikuwa mahari ya mama, na msichana aliyesomwa angekwenda kufundisha badala ya kuolewa. Nilimkasirikia mjomba kwa moyo wangu wote. Ng'ombe wale ndio walionileta duniani, hasira yangu haikuwa na mahali pa kusimama. Miaka yote hiyo amewasoma watoto wa watu kwa sauti, mkoba ule ule, karatasi ile ile ndani yake. Kama ni kweli. Usiku ule nilijiuliza kama si yeye aliyeiandika Sange juma lililopita. Lakini mwongo angempa sabini.

Mama hakupiga kelele. Alikaa na poda yake kichwani, hakujifuta, akirudia hamsini na tatu, hamsini na tatu, kisha akatikisa kichwa.

"Iko hesabu," akasema. "Minye nilijua hesabu niliharibu."

Kesho yake asubuhi nilimkuta anaosha sufuria za sherehe, nyusi bado nyeupe. Bomba lilikuwa linakohoa. Bila kuinua macho akaniuliza kama kule Uholanzi wanapokea watu wa hamsini na tatu. Nikamwambia kuna bibi mwenye wajukuu wanne tulisoma naye. Akasema anajua, alisomwa jana.

"Lete kile kitabu," akasema.

Nikaleta kitabu cha kozi, nikakaa kwenye kigoda, nikaanza kumtafsiria moja moja: ardhi, kilimo, miji. Alikuwa anasikiliza kwa makini, mikono ndani ya povu, akiuliza hiyo ni miaka mingapi, hiyo ina hesabu. Nilipofika kwenye maji alinikata.

"Hiyo iko tayari na muntu mu hii nyumba. Soma ingine."